Kuanzisha na kuendesha okestra ya jamii ya muziki wa jadi wa Kichina ughaibuni: mwongozo kamili

Okestra nyingi za jamii zinazopiga muziki wa Kichina nje ya China hudhoofika kwa sababu ileile. Zinalazimisha noti zilizoandikiwa wapigaji 80 wa kuajiriwa, ilhali chumbani wamekaa 12, wanne kati yao wanapiga ala ya aina moja na hakuna hata mmoja mwenye sauti za chini. Mwongozo huu unashika njia nyingine: fundi cherehani humpima mtu kwanza ndipo akate kitambaa, na muziki wa kikundi cha jamii ukatwe vivyo hivyo, kwa vipimo vya watu waliopo.

Maelezo haya yanamfaa yeyote anayeanzisha au kuendesha kikundi cha namna hii Toronto, San Francisco, London, Sydney au mji mwingine wenye jamii ya Wachina, na vilevile asiye Mchina anayetaka kujiunga. Aliyekulia kwenye taarab atakuta mengi anayoyafahamu: pipa ni ndugu wa udi, yangqin ni ya ukoo wa santuri ya Uajemi, na suona ni zumari kabisa, kwa umbo na kwa sauti.

Umbo la okestra

Okestra ya Kichina kama inavyoonekana leo jukwaani haina umri mkubwa. Mizizi yake iko kwenye vikundi vidogo vya nyuzi na mianzi vya eneo la Shanghai, ambako mwaka 1920 Zheng Jinwen alianzisha jumuiya ya Datong na watu wakaanza kupanga ala nyingi pamoja kwa mpangilio. Okestra kubwa za kulipwa zilifuata baadaye sana nje ya China bara, ile ya Hong Kong mwaka 1977 na ya Singapore mwaka 1997. Hilo lina maana kwako: hakuna sheria ya kale inayokukataza kubadili idadi au kuchanganya ala. Muziki huu ulipigwa vizuri sana na watu wanane kuizunguka meza kabla haujapigwa na 80.

Ala hugawanywa makundi manne. Za kupuliza ni dizi (filimbi ya kulaza), sheng (rundo la mabomba yenye ndimi za shaba) na suona. Za upinde ni gaohu, erhu na zhonghu (fidla za nyuzi mbili, ya sauti za juu, ya kati na ya chini kidogo), na kwa sauti za chini kabisa vikundi karibu vyote hutumia cello na besi kubwa ya Kizungu. Za kucharaza ni liuqin (ndogo, ya sauti za juu), pipa, zhongruan na daruan (ruan za umbo la duara, ya kati na ya chini) na guzheng (ubao mrefu wa nyuzi nyingi), pamoja na yangqin ambayo hugongwa kwa vijiti vya mwanzi lakini huhesabiwa humu. Kundi la nne ni ngoma, matoazi, patu na vigongo vya mbao.

Hatua ya 1: Hesabu watu kabla ya ala

Andika orodha ya kila aliyesema anataka kuja, ala anayopiga, na kama anasoma noti za namba, za mistari, au zote. Kikundi kinaweza kuanza na watu 10: dizi 1, erhu 3, zhonghu 1, pipa 1, zhongruan 1, yangqin 1, cello 1 na wa ngoma 1. Wakifika 27, mpangilio unaosikika kama okestra kamili ni huu: dizi 2, sheng 1, suona 1, gaohu 1, erhu 6, zhonghu 2, cello 2, besi 1, liuqin 1, pipa 2, zhongruan 2, daruan 1, yangqin 1, guzheng 1 na watu 3 wa kugonga.

Orodha halisi haitafanana na hiyo. Ughaibuni wazazi huwapeleka watoto kujifunza guzheng, pipa na erhu, kwa hiyo utapata guzheng tano na usipate zhongruan hata moja. Guzheng tano zikipigwa pamoja huziba kila kitu, kwa sababu nyuzi zake huendelea kulia baada ya kuguswa na mwangwi wa mmoja huingia kwenye sauti ya mwenzake. Wasipige zaidi ya wawili kwa wakati mmoja. Wengine wapokezane wimbo kwa wimbo, na kila mmoja apewe ala ya pili.

Ala ya pili ndiyo siri ya vikundi vinavyodumu. Mpiga gitaa huzoea zhongruan haraka, maana ina nyuzi 4 na vigawio vya kudumu shingoni. Mpiga mandolini huhamia liuqin. Mpiga fidla anaweza kushika gaohu au erhu, ila mwambie mapema kwamba erhu haina ubao wa vidole: uzi hubonyezwa hewani, na ukikandamizwa zaidi sauti hupanda. Mahitaji yake ni miezi, si wiki. Wapigaji wa cello watafute kwenye vyuo na okestra za mtaani, na uwaambie wazi kwamba hawahitaji kujua Kichina.

Usianze bila sauti ya chini. Kikundi cha erhu sita na dizi mbili bila cello wala daruan husikika chembamba hata kila mtu akipiga sawasawa, na wasikilizaji huchoka bila kujua kinachowachosha. Mkikosa cello kabisa, mpeni mtu mmoja daruan kabla ya kumwongeza mpigaji wa saba wa erhu.

Jambo moja la jina, mapema. Watu wa China bara huuita muziki huu minyue, wa Taiwan guoyue, wa Hong Kong zhongyue, na wa Singapore na Malaysia huayue. Kila jina lina watu wake na historia yake. Kikundi chenye watu wa kutoka kote huko kiamue kwa pamoja, kwa sababu jina lililochaguliwa na watatu jikoni huwafukuza wengine kabla ya zoezi la kwanza.

Hatua ya 2: Kupata ala, na sheria ya ngozi ya chatu

Wapigaji wa erhu, pipa, dizi na guzheng kwa kawaida huja na ala zao. Kikundi kinunue zile ambazo mtu binafsi hazinunui au hawezi kuzibeba: yangqin, daruan, zhonghu ya pili, na seti ya kugonga. Kwa ngoma na shaba anza na tanggu moja (ngoma ya kusimama), jozi ya matoazi makubwa na jozi ya madogo, upatu mkubwa daluo, upatu mdogo xiaoluo, na muyu moja au mbili za mbao. Paigu, ambayo ni seti ya ngoma ndogo, inaweza kusubiri mwaka wa pili. Sheng ya vibonyezo ni ya bei kubwa na ni tete. Usiinunue kabla hujampata mtu wa kuipiga na fundi wa kuitengeneza.

Sasa sheria, kwa kuwa hapa ndipo ala hupotea. Uso wa erhu, gaohu na zhonghu ni ngozi ya chatu. Chatu wote wamo kwenye viambatisho vya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na yule anayetumika zaidi kwa erhu, chatu wa Burma, yumo Kiambatisho cha II. Ala iliyoagizwa mtandaoni bila kibali cha kuitoa nchi ilikotengenezwa inaweza kukamatwa forodhani, na muuzaji aliyeandika "zawadi" kwenye kifurushi hakukusaidia, amekuongezea kosa. Fuata utaratibu huu:

Kwanza, muulize muuzaji kama atatoa kibali cha CITES chenye jina la mnyama kwa Kilatini na idadi ya ala. Akisema hakihitajiki, achana naye. Pili, iulize mamlaka ya CITES ya nchi unayoishi kama nawe unahitaji kibali cha kuingiza, kwa kuwa nchi nyingine huweka masharti makali kuliko mkataba wenyewe. Tatu, hifadhi nakala ya kibali pamoja na risiti kwenye faili la kikundi, na nakala nyingine ndani ya kasha la ala. Nne, kwa anayesafiri mara kwa mara kuvuka mipaka, omba cheti cha ala ya muziki cha CITES. Hudumu hadi miaka 3 na hutumika kuvuka mipaka mara nyingi, ila kwa nchi zinazokitambua tu.

Mbao nazo zina historia yake. Januari 2017 jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo wetu wa Tanzania na Msumbiji ni mmojawapo, iliingizwa kwenye udhibiti, na erhu, pipa na ruan nyingi hutengenezwa kwa mbao za jamii hiyo. Kuanzia Novemba 2019 ala zilizokamilika ziliondolewa kwenye sharti hilo, isipokuwa zile za mti wa Brazili, Dalbergia nigra. Ala za zamani zichunguzwe zaidi: pipa kuukuu inaweza kuwa na vipande vya pembe za ndovu, na kucha za kuchezea za zamani zilitengenezwa kwa gamba la ng'amba. Hivyo visivushwe mpaka kabisa bila ushauri wa mamlaka.

Njia nyepesi ipo. Okestra ya Hong Kong ilitengeneza familia nzima ya ala za upinde zenye utando wa plastiki ya PET badala ya ngozi, na watengenezaji wengine sasa huuza erhu za aina hiyo. Sauti yake ni angavu kidogo kuliko ya ngozi. Kwa ala za kuazimisha wanafunzi, na kwa kikundi kinachosafiri, tunazipendelea bila kusita: hazina kibali cha kutafuta, na haziyumbi hali ya hewa inapobadilika.

Hatua ya 3: Chumba na mpangilio wa kukaa

Kwa watu 27 tafuta chumba cha mita za mraba 80 au zaidi chenye dari ya juu, sakafu tambarare na kabati la kufungwa kwa ajili ya ngoma na yangqin. Kuhamisha yangqin kila wiki huivuruga sauti. Viti visiwe na mikono, kwani mkono wa upinde wa erhu husogea pembeni na utagonga. Kila mpiga erhu aachiwe upana wa mita 1 na aketi mbele ya kiti, mapaja yakiwa sambamba na sakafu.

Mpangilio uliozoeleka, ukitazama kutoka kwa mwongozaji: gaohu na erhu kushoto, zhonghu na cello kulia, besi nyuma ya cello, yangqin katikati mbele yake kabisa, liuqin na pipa kandokando yake, ruan nyuma ya pipa, dizi na sheng katikati nyuma, suona nyuma yao, ngoma mwisho. Yangqin imewekwa hapo kwa sababu mapigo yake ni makali na husikika kote, hivyo ndiyo saa ya okestra. Chumba kikiwa kidogo, usimweke mtu mbele ya mdomo wa suona bila kizibo cha masikio, na utandike zulia chini ya ngoma.

Hatua ya 4: Kulinganisha sauti

Amueni namba moja, A = 440 au A = 442 (mitetemo ya noti A kwa sekunde), kabla ya kununua sheng na dizi, kwa kuwa ala hizo hutoka kiwandani zikiwa zimeshapangwa. Mkipiga mara nyingi na piano, chukueni 440. Mkiwa na sheng iliyopangwa 442, wengine wote waifuate hiyo, sababu ndimi zake hazirekebishwi mazoezini.

Nyuzi hufungwa hivi (herufi ni noti, namba ni oktava yake). Gaohu: G4 na D5. Erhu: D4 ndani na A4 nje. Zhonghu: G3 na D4. Liuqin: G3, D4, G4, D5. Pipa: A2, D3, E3, A3. Zhongruan mara nyingi ni G2, D3, G3, D4. Guzheng ya nyuzi 21 hupangwa kwa sauti tano za D, kuanzia D2 hadi D6.

Mpiga yangqin afike saa nzima kabla ya wenzake. Ala ina nyuzi zaidi ya 100, kila sauti ina nyuzi kadhaa, na moja ikiteleza husikika kama kengele iliyopasuka. Aanze na A ya katikati, apange oktava zake, kisha aendelee kwa quinta (kutoka noti moja hadi ya tano kwenye skeli). Kwenye daraja la kushoto uzi hupigwa pande zote mbili, hivyo akiupanga upande mmoja auangalie na wa pili, na tofauti ndogo aiondoe kwa viroli vya pembeni badala ya kuukaza tena msumari. Kisha okestra ijipange kwa zamu: za kupuliza, za kucharaza, za upinde mwisho. Wote wakifanya kwa pamoja, hakuna anayejisikia.

Erhu ina mambo matatu yanayoharibu sauti, na karibu kila malalamiko huishia hapo. La kwanza ni kitanzi cha uzi kinachofunga nyuzi shingoni, qianjin. Kikiwa juu mno sauti hulegea na vidole havifiki. Kikiwa chini mno sauti hukauka. Kwa mtu mzima umbali kutoka kitanzi hadi kidaraja huwa takriban sm 38 hadi 41, na kikisogezwa bila mpigaji kujua, vidole vyake vyote hukosa mahali. La pili ni kidaraja kinachosimama juu ya ngozi: kikae katikati au juu kidogo ya katikati. La tatu ni kipande cha kitambaa kizito kilicho chini ya kidaraja. Kikiondolewa, noti fulani huanza kunguruma zenyewe. Kikiwa kinene mno, sauti huziba puani. Jaribu unene tofauti kabla ya kumlaumu mpigaji.

Hatua ya 5: Noti

Wazee wengi, na waliosoma China, husoma jianpu, yaani noti za namba 1 hadi 7 zenye nukta juu au chini kuonyesha oktava na mistari chini kuonyesha urefu. Watoto waliozaliwa ughaibuni husoma mistari mitano. Usijaribu kulilazimisha kundi moja lifuate lingine. Tengeneza karatasi za aina zote mbili, zenye namba za hatua (vile vipande vifupi vya muziki vilivyotengwa kwa mistari wima) zinazolingana kabisa, ili mwongozaji akisema "hatua ya 33" wote wafike mahali pamoja. Kosa linalopoteza dakika nyingi ni karatasi ya jianpu iliyohesabu marudio tofauti na ya mistari. Likague kabla ya kuchapa.

Kuandika upya ndiyo kazi kubwa ya mpangaji muziki wa kikundi cha jamii, na apewe heshima yake. Kanuni tunazozishikilia: sauti kuu isiachwe kwa ala moja yenye mpigaji mmoja, maana siku akiugua wimbo hauna wimbo, besi ipigwe na angalau ala mbili, na kila karatasi iwe na noti ndogo za kumwonyesha mpigaji aliyenyamaza nani anatangulia kabla ya zamu yake.

Sheng ikikosekana, akodi zake (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zipewe zhongruan kwa mtetemo wa risha, na noti moja ndefu ya kati ipewe zhonghu. Gaohu ikikosekana, mpigaji mmoja hodari wa erhu apande. Usiwapandishe wote, kwa sababu juu kabisa ya uzi wa A tofauti ya milimita moja husikika. Suona ikikosekana, usiitafutie mbadala. Futa sehemu yake, au ipe dizi fupi ya G sehemu ile ya shangwe. Guzheng iondolewe kwenye wimbo unaohama ufunguo katikati, kwani nyuzi zake zimepangwa kwa sauti tano tu, na kuhamisha vidaraja huchukua muda ambao jukwaani haupo.

Nyimbo za kuanzia ziwe za jadi zenye sauti tano na mwendo wa wastani, kama Molihua na Zizhudiao. Hizo hazina mwenye haki, lakini mpangilio uliochapishwa juu yake unaweza kuwa naye. Vipande vinavyopendwa kwenye matamasha ya mwaka mpya, kwa mfano Chunjie Xuqu ya Li Huanzhi aliyefariki mwaka 2000, bado vinalindwa. Muulize mwenye ukumbi kama ana leseni ya shirika la haki za maonyesho, kama PRS Uingereza au SOCAN Kanada, na mtume orodha ya nyimbo baada ya onyesho. Leseni hiyo haikupi ruhusa ya kunakili karatasi. Hiyo huombwa kwa mchapishaji.

Hatua ya 6: Mazoezi ya wiki

Saa 2 na nusu mara moja kwa wiki zinatosha. Dakika 15 za kulinganisha, 10 za noti ndefu na skeli, 45 za makundi yaliyotengana, 15 za mapumziko ya chai, 60 za wote pamoja, 5 za matangazo. Yale mapumziko yasikatwe hata tamasha likikaribia. Wengi wamekuja pia kwa ajili ya kuzungumza lugha ya nyumbani, na wakikosa chai watakosa sababu ya kurudi msimu wa baridi.

Kundi la erhu lipewe mwalimu wake au mpigaji kiongozi. Noti ndefu zipigwe polepole kwa D na A za nyuzi tupu kwanza, upinde wote ukitumika kutoka ncha hadi kitako, kisha vidole viongezwe kimoja kimoja huku zhongruan ikipiga noti hiyohiyo. Zhongruan ina vigawio vya kudumu, hivyo ni kipimo kizuri cha sikio. Mwelekeo wa upinde uandikwe kwenye karatasi za wote kwa penseli, siku ya kwanza.

Mkiwa pamoja, tatizo litakalowasumbua zaidi ni kuanza. Pipa na yangqin husikika papo hapo zinapoguswa, erhu huhitaji nukta ya muda upinde kushika uzi, na sheng huchelewa zaidi. Mwongozaji akitoa ishara moja, sauti hufika kwa mafungu. Dawa ni kwamba za upinde na za kupuliza zijitayarishe pamoja na pumzi ya mwongozaji, upinde ukiwa tayari umegusa uzi, na za kucharaza zingoje mkono ufike chini kabisa. Fanyieni zoezi mwanzo tu wa kila wimbo, mara kumi, bila kuendelea.

Waliopewa matoazi na patu wasianze kwa karatasi. Mapigo ya Kichina hufundishwa kwa mdomo, kila sauti ikiwa na silabi yake: cang kwa upatu mkubwa, cai kwa matoazi, tai kwa upatu mdogo. Waimbe mstari wote kwa silabi hadi uwatoke wenyewe, ndipo washike ala. Mwalimu yeyote wa ngoma wa pwani yetu angeifundisha vivyo hivyo.

Mazoezi yaendeshwe kwa lugha ambayo wote wanaielewa kiasi, na namba za hatua zitajwe kwa lugha mbili. Kikundi chenye wasema Kikantoni wa zamani na vijana wasiojua Kichina hata kidogo hugawanyika kimyakimya pale ambapo nusu haisikii maelezo.

Hatua ya 7: Matunzo

Hewa kavu ya nyumba inayopashwa moto wakati wa baridi ndiyo adui mkubwa wa ala hizi Kanada na Marekani ya kaskazini. Lenga unyevu wa asilimia 45 hadi 60 kwenye kabati, ununue kipimo cha bei ndogo na ukisome kila wiki. Hewa ikikauka, ngozi ya chatu hukaza na sauti hupiga kelele. Ikilowana, ngozi hulegea na sauti huzama. Mbao za yangqin na guzheng hupasuka zaidi zinapotolewa ghafla kwenye gari la baridi na kuingizwa chumbani. Ziacheni ndani ya kasha nusu saa kwanza.

Baada ya kupiga, kidaraja cha erhu kisogezwe juu hadi kwenye ukingo wa mbao ili kisiikandamize ngozi usiku kucha, na vumbi la utomvu lifutwe kwa kitambaa kikavu. Upinde ulegezwe. Sheng isipulizwe ikiwa baridi, kwa kuwa mvuke wa pumzi hugeuka maji kwenye ndimi na noti hushuka au kunyamaza. Ipashwe moto kidogo mikononi au karibu na taa kwanza. Asiyefundishwa asizifungue ndimi zake, zimetiwa nta kwa vipimo.

Utando wa dizi ndio unaowatesa wanaoanza. Ni ngozi nyembamba sana ya ndani ya mmea wa tete, hubandikwa juu ya tundu lililo kati ya mdomo na vidole, na ndiyo inayotoa mlio wa kuvuma. Kata kipande kikubwa kidogo kuliko tundu. Kisugue kati ya vidole kilainike, pakaza gundi kuzunguka tundu bila kuingia ndani, kiweke, kisha uvute polepole mpaka mikunjo midogo ikate bomba kwa upana wake. Kikikaza mno, filimbi huwa kali na haivumi. Kikilegea, noti za chini hukwaruza. Gundi ya asili ni ejiao, itokanayo na ngozi ya punda, ile ile iliyosababisha punda wengi kuchinjwa Kenya na Tanzania hadi Umoja wa Afrika ukaafiki mwaka 2024 kusitisha biashara ya ngozi zao. Maji ya kitunguu saumu hushika vizuri tu, tumia hayo. Kila mpiga dizi aende jukwaani na filimbi zake zote zimeshabandikwa na tando za akiba mfukoni.

Kwa wapiga pipa na guzheng, kikundi kiwe na mikanda ya kubandikia kucha za bandia. Pipa huhitaji vidole vyote vitano vya mkono wa kulia, guzheng kwa kawaida vinne. Mkanda ulioloa jasho huachia katikati ya mtetemo wa vidole, hivyo ubadilishwe kabla ya kupanda jukwaani, si asubuhi.

Hatua ya 8: Fedha na watu

Hapa ni kwa ufupi. Sajilini kikundi kama shirika lisilo la faida, muwe na mweka hazina ambaye si mwongozaji, na akaunti yenye saini mbili. Kateni bima ya madhara kwa watu na bima ya ala. Mkiwa na watoto, fuateni ukaguzi wa usalama wa watoto unaotakiwa nchini humo, na wasiachwe na mtu mzima mmoja peke yake. Ala ya kikundi isitoke bila fomu yenye namba ya ala, hali yake kwa picha, tarehe ya kurudi na nani atalipa ikivunjika.

Hatua ya 9: Onyesho la kwanza

Jipeni wiki 10 hadi 12 na nyimbo 4 hadi 6, jumla ya dakika 25 hadi 30. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, na kumbi nzuri huchukuliwa mapema sana, kwa hiyo uliza kiangazi kilichotangulia. Kwa kikundi kipya tunapendelea sikukuu ya katikati ya vuli: wanaoviomba vikundi ni wachache, hewa bado haijakauka, na mmekuwa na kiangazi kizima cha kujiandaa.

Wiki 4 kabla, acheni kuongeza nyimbo. Wiki 2 kabla, pigeni zote mfululizo bila kusimama, mkirekodi kwa simu iliyowekwa mahali atakapokaa msikilizaji. Wiki 1 kabla, pangeni kuhama kwa viti na guzheng kati ya nyimbo, kwa kuwa kimya cha dakika mbili huua onyesho kuliko noti iliyokosewa.

Ukumbi wenye viti chini ya 200 kwa kawaida hauhitaji vipaza sauti. Nje, au ukumbini kwenye mazulia, anza na yangqin, guzheng, pipa na zhongruan. Za kupuliza na ngoma ziachwe. Erhu hutoa sauti mbele kwenye ngozi na nyuma kwenye tundu la pambo, kwa hiyo kipaza kikae sm 30 hadi 40 kutoka kwenye ngozi, kisibanwe juu yake. Onyesho la nje liwe na kivuli, na mkataba useme wazi kwamba mvua ikianza ala za ngozi zinaondolewa jukwaani mara moja.

Siku yenyewe yangqin iwe mahali pake saa 2 kabla, na ilinganishwe tena taa za jukwaani zikiwa zimewaka kwa nusu saa, kwa maana joto lake hushusha nyuzi. Mtu mmoja asiyepiga apewe sanduku la akiba: nyuzi za erhu na yangqin, kidaraja kimoja cha kila aina, tando za dizi, mikanda ya kucha, utomvu wa upinde, vibanio vya kushika karatasi dhidi ya upepo, penseli, na nakala ya kila karatasi ya noti. Onyesho likiisha, huyohuyo akusanye karatasi zote na azihesabu kabla watu hawajatawanyika, aandike ala zilizoazimwa zimekwenda na nani, na rekodi itumwe kwa wapigaji ndani ya wiki moja ikiwa na namba za hatua zinazohitaji kurudiwa zoezi lijalo.